Mstari wa Njano kwenye Nati

Alhamisi, 7 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima. Lakini usiulize habari zangu, uliza za gari, maana huku kambini ndilo linalosalimiwa kwanza. Tulifika Jumatatu jioni. Barabara ni mawe matupu, na pikapu yako (nasema yako, mimi nina kadi ya umiliki tu) ilipita juu ya kila jiwe bila kugusa tumbo. Kipara, yule dereva wa lori la mzigo anayekuletea barua hii, alisimama katikati ya njia akashuka kuitazama. Akaniuliza nani kaiinua hivi. Nikamwambia binti yangu wa gereji. Akasema, "Acha utani, Mzee." Nikamwambia ingia uvunguni ujionee saini yake.

Sasa malalamiko, maana nisipolalamika utadhani naumwa. Asubuhi injini ikiwa baridi inagonga ta-ta-ta-ta kama cherehani, halafu inanyamaza yenyewe kana kwamba si yenyewe iliyokuwa inapiga kelele. Gia ziko kumi na haijui inataka ipi. Nikiwa mwendo wa kati inatikisika, inabadilisha, inajuta, inarudi. Nikisimama, injini inajizima! Mara ya kwanza ilikuwa getini, mbele ya walinzi. Nikailaani kwa sauti, nikainua mguu kwenye breki nishuke nikafungue boneti, ikawaka. Walinzi walicheka mpaka wakashikana mabega. Na tangu uiinue, taa za mbele hazimuliki barabara, zinamulika ndege juu ya miti.

Kazi ipo tele. Nyumba arobaini za wafanyakazi wa bwawa, mabango yote, namba zote za milango. Wapakarangi wangu wanane wanapanda pikapu na ngazi zao kila asubuhi kama wanakwenda harusini.

Kuna jambo sikukuambia siku ile uliponikabidhi ufunguo. Nilikuuliza ile mistari ya njano kwenye nati za mbele ni ya nini, ukasema, "Ni saini yangu, Baba, kama wewe unavyosaini mabango." Nikajifanya nafunga turubai. Ukweli ni kwamba turubai lilikuwa limeshafungwa tangu asubuhi. Unajua nilivyotaka urithi brashi zangu, na unajua maneno niliyosema ulipochagua spana. Miaka miwili tulisalimiana kama majirani waliogombania mpaka. Na kumbe ulichukua kitu kutoka kwangu. Nimefurahi, basi, nimesema.

Jumamosi naosha gari. Saini yako nitaitunza.

Baba yako,
wa brashi

*

Jumapili, 10 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimelala chini ya gari la mtu na mafuta yananidondokea shingoni.

Nikujibu moja moja. Ile ta-ta-ta ya asubuhi ni ya kawaida kwa injini hizi za siku hizi, mafuta yanachelewa kupanda juu. Ikizidi nusu dakika niambie, vinginevyo iache ipige stori zake. Gia kujuta nako ndivyo walivyoziumba, wanataka kubana mafuta. Ukiwa na mzigo bonyeza kile kitufe chenye picha ya tela, itatulia. Kujizima ukisimama kuna kitufe pia, kiko chini ya skrini, chenye herufi A ndani ya duara. Taa ni kosa langu, nilipaswa kuziinamisha baada ya kuinua gari. Kuna skrubu nyuma ya kila taa, zungusha polepole huku gari likitazama ukuta.

Na usikimbize. Matairi makubwa yanaidanganya mita: ikisoma hamsini, wewe uko hamsini na tano na zaidi. Mteremko wa Kona Saba ushuke kwa gia ndogo.

Kuhusu ile mistari, usihangaike nayo. Iache tu kama ilivyo. Ila ukikutana na fundi wa greda la barabara hapo kambini akiwa na nafasi, mwambie apitishe spana kwenye nati za mbele. Si kwamba kuna kitu, ni desturi tu gari likiwa jipya kuinuliwa.

Mimi sijambo. Siku hizi situlii, sijui nina nini. Naanza kazi hii naishia kwenye ile, Bosi ananiuliza kama nimekunywa kahawa ya injini. Niandikie upesi.

Mwanao

*

Jumapili, 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa tunapaka zahanati na daktari anataka nyeupe isiyo ya krimu, sijui nyeupe gani hiyo. Taa nimeziinamisha, ndege wamepumzika. Kitufe cha A nimekibonyeza, na walinzi wamekosa sinema yao.

Fundi wa greda nimemwona. Alikuwa anafungua bolti kwa nyundo. Kwa nyundo, mwanangu! Nikampa salamu nikapita. Mtu wa namna hiyo aguse kazi iliyosainiwa na binti yangu? Labda niwe nimekufa.

Tena ngoja nikukosoe kidogo, fundi kwa fundi. Hiyo rangi ya njano umenunua wapi? Nilikuambia nitaitunza saini yako, na kila Jumamosi nikishaosha gari naingia uvunguni na kitambaa na brashi namba mbili. Tope la huku linakula rangi, kwa hiyo nafuta na thina, napaka upya. Nati zote zinakaa vizuri isipokuwa moja, ile ya kushoto, inayoshika ile fimbo ndefu ya ekseli ya mbele. Jumamosi ya kwanza nilikuta mstari umekatika katikati: nusu ya kwenye chuma imebaki mahali pake, nusu ya kwenye nati imesogea pembeni. Nikasema, masikini, mkono wake ulitetemeka. Nikafuta, nikaunyoosha kama rula. Jumamosi ya pili, umepinda tena! Na jana tena, safari hii sana. Nikaunyoosha tena. Ukija nitakufundisha kushika brashi, maana naona uliyasahau yote.

Usukani umeanza kutetemeka kidogo nikipita kwenye matuta, lakini Kipara anasema pikapu hizi kubwa zikiinuliwa ndivyo zinavyokuwa, unazoea.

Ijumaa ya tarehe 5 Aprili tunashuka wote kwa mapumziko ya mwezi. Wanne ndani na mimi, wanne nyuma na ngazi. Kona Saba tutaipita asubuhi, jioni tuko huko. Mwambie mama yako asipike sana, ila apike.

Baba yako

*

Jumamosi, 30 Machi

Baba,

USIENDESHE GARI. Ukishasoma hapo, zima, toa ufunguo, ndipo uendelee.

Ile mistari si saini. Nilikudanganya. Ni alama ya kuangalia kama nati imezunguka. Unakaza nati, unachora mstari mmoja unaopita juu ya nati mpaka kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imelegea. Mkono wangu haukutetemeka, Baba. Nati ilikuwa inafunguka, na kila Jumamosi ulikuwa unaifutia ushahidi wake.

Ile fimbo ndiyo inayoizuia ekseli ya mbele isiende kushoto na kulia. Nati ikitoka, fimbo inachomoka, na ukiwa kwenye mwendo magurudumu ya mbele yanaanza kucheza ngoma ambayo usukani hauwezi kuizima. Huko kutetemeka kwenye matuta ndio mwanzo wake. Si kitu cha kuzoea. Kipara aendeshe lori lake aache kunifundishia baba.

Sasa nikuambie yote. Jumapili ile kabla hujaondoka, spana ya kipimo, ile inayokuambia umekaza kiasi gani, Bosi alikuwa amekwenda nayo kwa mteja. Nilikaza kwa nguvu za mkono. Na hata ningekuwa nayo, gari likiinuliwa vyuma vipya vinajikalia, ni lazima lirudi baada ya kilomita mia tano nati zikazwe upya. Nilipaswa kukuambia, "Baba, kazi haijaisha, nipe siku moja, na baada ya wiki mbili uirudishe." Sikuweza. Wewe ukimwona mtu anarudia ukuta alioupaka juzi unamcheka mwaka mzima. Nilikuona umesimama pale umevaa kofia mpya, unasubiri gari lililotengenezwa na mwanao, ukaniuliza mistari ni ya nini, na neno saini likanitoka lenyewe. Uso wako ulibadilika. Baada ya hapo ningelirudishaje?

Nikajidai kukutajia fundi wa greda kama jambo dogo la kupita tu. Nilikuwa naogopa aibu kuliko nilivyokuogopea wewe. Nikiyaandika haya najichukia.

Mpe yeyote spana kubwa akaze nati zote za mbele. Hata yule wa nyundo. Na usishuke na watu wale.

Mwanao

*

Jumatano, 3 Aprili

Baba,

Kipara hajaondoka. Mvua imejaza mto, maji yanapita juu ya daraja, wanasema labda Ijumaa alfajiri. Ijumaa! Siku ile ile unayoshuka.

Nimekwenda ofisi ya kampuni ya bwawa mara tatu wakuite kwa redio, maana simu huko hazishiki. Redio ya kambi imepigwa na radi tangu Jumapili. Karani sasa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nimemwomba Kipara nipande naye, amejaziwa wahandisi wawili mbele na saruji nyuma. Nimemwambia mkikutana njiani msimamishe. Akasema, "Nitamsimamishaje, yeye ana pikapu ndefu kuliko lori langu?" Nilitaka kumpiga.

Narudi gereji, nashika kitu, nakiweka. Nakwenda mpaka barabarani kuangalia mawingu.

Sasa hivi nimechukua bahasha kubwa ya khaki, nitie barua hizi mbili. Nje nitaandika kwa rangi, kwa ile brashi uliyonipa nilipomaliza shule na ambayo sikuwahi kuilowesha. Kipara ameahidi kuitoa dirishani akikuona.

Baba, isome.

Mwanao

*

Jumamosi, 6 Aprili

Mwanangu,

Tuko hai, wote tisa. Nimeanza na hilo ili ukae chini, mengine utayasoma umetulia.

Tulitoka saa moja asubuhi. Watu wanaimba nyuma, usukani unanitikisa mikono, nami najiambia nimezoea. Juu kabisa ya Kona Saba, pale njia inapopanuka kabla ya kuanza kushuka, Kipara anakuja na lori lake, mkono wake nje umeshika bahasha kama anauza gazeti. Unajua desturi yangu, barua nazitia mfukoni nisome nikifika. Nilikuwa nishainua mkono wa kumwambia tupishane tu, nitaichukua nikirudi.

Halafu nikaziona zile herufi. Hatua ishirini, na kioo kina tope. SIMAMA USOME. Kabla sijajua zinasema nini nilishajua ni za nani: S yenye tumbo dogo juu na kubwa chini, A yenye miguu iliyokanyaga. Ulikuwa na miaka tisa, umekaa juu ya ndoo, ukaichora S ile mara mia kwenye mlango wa choo. Nikasema, lo, hajasahau. Nikakanyaga breki ili nizitazame vizuri. Nilisimama kwa ajili ya herufi, mwanangu. Maneno yalinifikia baadaye.

Nikasoma nimesimama barabarani. Wapakarangi wanapiga kelele, "Mzee, tunachelewa!" Nikaingia uvunguni na suruali yangu ya safari. Nikaigusa ile nati ya kushoto. Nikaizungusha kwa vidole viwili, kama kifuniko cha chupa. Imebaki imeng'ang'ania meno mawili matatu ya bolti, na juu yake mstari wangu wa Jumamosi, umekatika tena.

Nikatoka, nikakaa kwenye jiwe. Wakaniuliza kuna nini. Nikawaambia, "Nimepaka rangi mahali pasipopakwa." Kipara akakaza nati zote kwa spana ya lori, wahandisi wakimshikia tochi, tukageuza tukarudi kambini kwa mwendo wa bibi harusi. Watu wanashuka kesho na lori, na barua hii.

Sasa nimekasirika. Nisikufiche, nimekasirika tangu jana na bado. Nilikuwa na watu wanane ndani ya gari lile, na mmoja ana mtoto wa siku kumi ambaye hajamwona. Ungeniambia kazi haijaisha ningenuna, ndiyo, ningekutania, na ningesubiri. Uliogopa ulimi wangu. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Lakini kinachoniuma si nati. Wiki nne nimeingia uvunguni na brashi, mzee wa umri huu, mgongo unalia, natunza saini ya binti yangu. Nimewaonyesha watu. Nimemwonyesha hata yule daktari. Na haikuwa saini. Usinijibu upesi na usiniandikie pole.

Baba

*

Jumanne, 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Lile neno umenikataza, silisemi.

Ijumaa nilikaa mpaka gereji inafungwa bila kujua kama uko hai. Jumapili jioni Kipara aliponipa barua yako, nilisoma mstari wa kwanza nikalia mbele ya wateja, na mmoja akadhani gari lake limeshindikana.

Jana nilimwendea Bosi nikamwambia kila kitu, pamoja na kwamba nilikaza bila kipimo na nikamwachia mtu aondoke bila kumwambia arudi. Akafungua daftari la kazi, tukaziita pikapu zote tano nilizoinua mwaka huu. Leo zimekuja tatu, na moja nati yake imesogea. Moja, Baba. Mwenyewe hajui, anasema anasikia kautetemeko amekazoea. Bosi amenitoa kwenye kazi ya kuinua magari mpaka tano zote ziwe zimekaguliwa, na ni haki yake.

Jumatano ijayo, tarehe 17, Kipara ana nafasi moja mbele. Nataka kupanda na spana ya kipimo nikaze gari lako mwenyewe, mbele yako. Usipotaka kuniona nitakaza nishuke na lori lile lile. Sema tu.

Mwanao

*

Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu,

Kipara anapiga honi, naandika kwa haraka.

Njoo. Ulale hapa siku mbili, kuna kitanda. Na uje na spana yako, yule wa greda ameanza kuniita mkwe.

Siku hizi nilizokaa bure nimechora mlango wa nyuma wa pikapu. Herufi kubwa, nyekundu na kivuli cheusi: RANGI NA BABA, VYUMA NA BINTI. Kona ya kulia chini nimesaini mimi. Kona ya kushoto nimeacha wazi, upana wa kiganja. Hapo ni pako. Lakini usije ukasaini siku ya kwanza. Kaza, niendeshe kilomita mia tano, nirudi, ukaze tena. Kazi ikirudiwa nitanyamaza. Hata nikicheka, nitacheka kidogo. Ndipo usaini, na kwa brashi ileile.

Jana ilikuwa Jumamosi. Niliosha gari, nikaingia uvunguni, nikautazama ule mstari aliouchora Kipara kwa rangi yangu baada ya kukaza. Mbaya, mnene, umepinda kama nyoka tangu mwanzo hadi mwisho, lakini haujakatika. Mkono ulikuwa unaniwasha, nakuambia ukweli. Brashi niliiacha chumbani makusudi.

Baba yako